Kilatini Tulichojifunza Kamwokya

Mbuzi alikuwa wa jirani, na Mwalimu alimtumia bila kuomba ruhusa. Kila alasiri tulipofika uani kwake Kamwokya, nyuma ya vyumba vya kupanga, alichuma majani ya viazi vitamu, akamnyooshea mbuzi, akatugeukia na kusema, "Femina caprae herbam dat." Mwanamke anampa mbuzi majani. Yeye alikuwa mwanamume mwenye mvi hadi kwenye nyusi, lakini kitabu chake kilisema mwanamke, na Mwalimu hakuwa mtu wa kubishana na kitabu.

"Sasa," alimwambia kaka yangu, "nani anapewa?"

"Mbuzi."

"Kwa Kiratini."

"Caprae."

"Kwa nini hapana capra?"

"Kwa sababu anapewa."

"Na kama mbuzi ndiye anapea mama majani?"

Kaka alifikiri. "Capra feminae herbam dat."

"Basi huyo ni mbuzi ya maana sana. Mimi huyu hajanipea hata mate."

Tulicheka kidogo, kwa adabu. Kaka alikuwa na wiki chache tu za kukijua Kilatini ambacho wenzake walikuwa wamekisoma tangu mwanzo wa mwaka, na asipokijua angekwenda kaskazini.

Baba yetu alikuwa konstebo wa polisi, mtu wa kaskazini aliyekaa Kampala tangu ujana wake. Tuliishi katika kambi ya polisi upande wa Bukoto, ndani ya kibanda cha bati cha mviringo ambacho askari wanakiita "mama ingia pole", kwa sababu mlango ni mfupi na hata mke wa inspekta lazima ainame. Mwaka ule Baba alipata uhamisho wa kwenda wilaya ya kwao. Vita vilikuwa vimekwisha Kampala, lakini kule vilikuwa bado vinaendelea, na kila gari lililotoka huko lilileta habari ileile: waasi wanachukua watoto, na wanapenda wavulana walioanza kurefuka. Kaka yangu alikuwa ameanza kurefuka. Suruali zake zote zilimfika juu ya vifundo.

Seminari ndogo moja, nje kidogo ya mji, ilikuwa na nafasi. Mvulana mmoja alikuwa ameacha katikati ya mwaka. Padri mkuu wa pale alisema atampokea mwingine, mradi awe amebatizwa na aweze kuwafuata wenzake katika Kilatini, kwa kuwa yeye hakuwa na muda wa kurudi nyuma kwa ajili ya mtu mmoja. Kaka alikuwa amebatizwa. Baba alilihakikisha hilo zamani. Kilichobaki ni Kilatini, na pia Mama.

Mama alikuwa Mwislamu, mtoto wa Kisenyi, na hakuwahi kufunga ndoa na Baba kanisani. Mwalimu, ambaye zamani alikuwa katekista na aliwajua mapadri kama unavyowajua majirani wa ukutani, alimwambia mapema, "Nnyabo, mama, siku ile wewe usikuje. Faza akiuliza habali ya nyumbani, nitajibu mimi. Wacha kwanza mutoto aingie."

Mama alikubali. Alisema siku hiyo atashinda kwa dada yake Kisenyi.

Mimi nilikuwa katika masomo yale kwa sababu Mama hakumruhusu Kaka kutembea peke yake. Kaka alinipita mwaka mmoja, na nilikuwa msichana, lakini Mama aliamini kwamba watoto wawili wakipita njiani wanaonekana wametumwa, na mmoja anaonekana amepotea. Kwa hiyo nilikaa karibu na mbuzi nikasikiliza. Sikuulizwa chochote. Labda ndiyo maana hadi leo, baada ya kuhama miji ambayo sikumbuki tena mpangilio wake, bado nakumbuka sauti ya mzee yule akitamka maneno yake moja moja.

Alitufundisha kwamba Kiswahili hubadilisha kichwa cha neno na Kilatini hubadilisha mkia. Mtu, watu: kichwa kimebadilika. Capra, capram, caprae: mkia. "Mutu ya haraka anaangalia kichwa tu," alisema. "Kiratini inataka mutu ya kungojea mpaka mwisho ya neno." Majina ya zile hali hakuyajali sana. Kila hali aliipa swali lake. Nani anafanya? Anamtenda nani, au anatenda nini? Ya nani? Nani anapewa? Kwa kitu gani, pamoja na nani, kutoka wapi? Na ile hali ya kumwita mtu, ambayo haina swali, kwa sababu ukimwita mtu humuulizi kwanza.

Tulipofika kwenye maswali yenyewe, ndipo mambo yakawa magumu. Kilatini, alisema Mwalimu, hakina "ndiyo" ya kutupia mtu ili akuondokee. Ukiulizwa, "Habesne librum?", una kitabu?, unarudia tendo lenyewe: "Habeo." Ninacho. Na mwuliza mwenyewe anaonyesha anachotaka. Akianza na "nonne" anataka ukubali. Akianza na "num" anataka ukatae.

"Munaelewa?"

"Tunaelewa," Kaka alisema.

"Kwa haraka hivyo?"

"Hata kambini ni hivyo, Mwalimu. Mtu akiuliza unajua anachotaka."

Mwalimu alimtazama, akaendelea na somo. Alidhani ni utani.

Haukuwa utani. Serikali ilipobadilika mwaka wa themanini na sita, askari wa kaskazini waliokuwa wamefanya kazi chini ya serikali zilizopita walikaa kwa wasiwasi. Watu walikuja kambini kuuliza. Wengine walikuwa na haki ya kuuliza na wengine hawakuwa nayo, na mtoto hawezi kujua tofauti. Jirani yetu mmoja alichukuliwa kwa sababu binti yake mdogo, aliyelelewa vizuri, aliulizwa baba yuko wapi akasema yuko kwa shangazi, na shangazi anakaa karibu na kisima. Baada ya hapo Mama alianza kutufundisha na yeye. Jioni ugali ukiwa bado jikoni, alitoka nje, akainama mlangoni kama mgeni, akabadilisha sauti.

"Nyinyi watoto. Baba yenu yuko wapi?"

"Sijui, afande."

"Alitoka saa ngapi?"

"Sijui, afande."

"Una baba wewe?"

"Sijui, afande."

Macho yalipaswa kukaa kwenye kifungo cha pili cha shati. Ukimtazama mtu usoni unamjibu, alisema Mama, na ukitazama chini unaficha kitu. Kifungo hakina maana yoyote. Tulipokosea, alitoka nje akaingia tena. Watoto wote wa kambi walifundishwa hivyo na mama zao, kila mmoja kwa namna yake, na hakuna aliyewahi kutuambia siku gani tungeruhusiwa kuacha. Hatari ilipungua polepole bila kutangazwa, na sisi tuliendelea kutojua.

Siku ya mtihani ilikuwa Jumamosi, baada ya misa ya asubuhi. Padri mkuu alikuwa amekuja parokiani kwa shughuli nyingine, akakubali kumwona Kaka kwenye baraza la ofisi. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye kanzu nyeupe yenye vifungo vingi, na Kiswahili chake kilikuwa safi kwa sababu alisoma Tanzania. Alikaa nyuma ya meza. Mwalimu alikaa pembeni kwenye benchi, kofia magotini. Kaka alisimama. Mimi niliambiwa ningoje chini, penye ngazi, nikakaa mahali ambapo niliona vizuri.

"Hujambo, kijana."

"Sijambo, Padri."

"Mwalimu wako ananiambia unajua mikia."

"Najua kiasi, Padri."

"Haya. Agricola."

Kaka aliipeleka agricola kutoka mwanzo hadi mwisho, umoja na wingi, bila kujikwaa. Padri akampa servus. Akaipeleka. Akampa bellum, ambayo ina ugumu wake, na Kaka alisita kwenye wingi, akapita. Mwalimu alikuwa akisogeza midomo pamoja naye. Padri alimwona.

"Mwalimu, leo hutahiniwi wewe."

"Mimi naomba Mungu tu, Faza."

"Omba ukiwa umefunga mdomo."

Kisha yakaja maswali. Padri alichukua kitabu chake cha sala akakiinua. "Cuius est hic liber?" Kitabu hiki ni cha nani? Kaka alijibu ni cha padri, na mkia ulikuwa sawa. "Cui librum das?" Unampa nani kitabu? Kaka aliangalia kwenye ngazi akasema, "Sorori librum do." Nampa dada. Padri alinitazama mara moja, akacheka puani. Nilianza kupumua. Nilimwona Kaka tayari amelala katika bweni refu lenye ukuta wa matofali, na lori linaondoka bila yeye.

"Ubi est pater tuus?" Padri aliuliza.

Lilikuwa swali rahisi kuliko yote. Padri alitaka, nadhani, kumpumzisha. Baba yako yuko wapi?

Kaka alinyoosha mgongo. Macho yake yalishuka kutoka usoni kwa Padri yakatua kifuani.

"Nescio," alisema. Sijui.

Padri alidhani hakusikia. Akarudia polepole, neno kwa neno.

"Nescio."

"Habesne patrem?" Una baba?

"Nescio."

Sauti ilikuwa ileile ya jioni, nyembamba, isiyo na mtu ndani yake. Mwalimu aliacha kusogeza midomo. Aligeuza kofia upande wa pili kama mtu anayetafuta tundu.

"Kijana," Padri alisema kwa Kiswahili, "umenielewa?"

Kaka aliendelea kukitazama kifungo. Nilijua hawezi kutoka mahali alipokuwa, kama vile mimi nisingeweza. Mtu mkubwa amekaa nyuma ya meza, anauliza baba yuko wapi. Lugha haikubadilisha kitu.

Padri alifunga kitabu. "Mwalimu, huyu amekariri. Umemjaza mikia, hujamfundisha kusikia. Nikimpeleka darasani atazama wiki ya kwanza."

"Faza, yeye anajua. Hiyo neno, tulisoma. Mbuzi iko wapi, mama iko wapi, anajibu vizuri."

"Nimemuuliza mara tatu."

"Anaogopa tu, Faza."

"Kule anakokwenda ataulizwa kila siku."

Nilisimama. Sikuwa na ujasiri wa kupanda ngazi. Nilikimbia upande wa lango, nikiwa na wazo la kwenda kambini kumtafuta Baba, jambo ambalo lisingesaidia, maana ni mbali. Mama alikuwa nje ya lango. Hakuwa Kisenyi. Alikuwa amesimama karibu na mama muuza ndizi, mtandio kichwani, bila kununua kitu, na mama yule alishaanza kumtazama vibaya.

"Amekosa?" aliuliza.

"Ameulizwa Baba yuko wapi."

Hakuniuliza amejibu nini. Alifunga macho kidogo, akayafungua, akaingia langoni.

Alivua kandambili chini ya ngazi, kama anavyofanya penye nyumba yoyote ya ibada. Aliposema "Hodi" Padri naye alijua mambo mawili ambayo sisi watatu tuliyajua tayari: kwamba ni mama yake, na kwamba ni Mwislamu. Mwalimu aliinamisha kichwa hadi kofia ikamfika kidevuni.

"Karibu," Padri alisema, kwa sababu hakuna neno lingine la kujibu hodi.

"Naomba radhi, Padri. Huyu ni mwanangu. Mwanangu, mjibu Padri. Huyu anajibiwa."

Kaka hakugeuka.

"Nimesema mjibu. Baba yako yuko wapi?"

"Sijui," Kaka alisema. Na kwa sauti ya chini zaidi, "afande."

Mama aliweka mkono kwenye nguzo ya baraza. Yeye ndiye aliyekuwa akiuliza swali lile miaka yote, kwa sauti za watu mbalimbali, na mtoto alikuwa amefundishwa asiitambue sauti yake. Alikuwa anamfanyia lile alilomfundisha, na kulifanya vizuri.

Basi akalijibu yeye. Alimsogelea Padri hadi penye meza, akasema mbele yake na mbele ya Mwalimu, kwa sauti ambayo muuza ndizi pia angeweza kuisikia, jina la baba yetu lote, cheo chake, kambi yake, kibanda tunachokaa, saa anazoingia zamu na saa anazotoka, kabila lake, kijiji chake, na wilaya anakohamishiwa. Sijawahi kumsikia akisema maneno yale kwa mtu wa nje, kabla wala baadaye. Alimwambia kwa nini watoto wa kambi hawajui baba zao walipo. "Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo," alimaliza. "Hakukosea. Hilo somo analijua kuliko la Mwalimu."

Padri alimgeukia Kaka.

"Ubi est pater tuus?"

Gari lilipita barabarani, likaondoka. Kaka aliinua macho kutoka kwenye kifungo, polepole sana, yakapita kwenye shingo na kidevu, yakafika.

"Pater meus," alisema, "in castris est."

Baba yangu yuko kambini.

"Quis es?"

Akasema yeye ni nani.

"Unde venis?"

Akasema ametoka Bukoto, akautafutia mji ule mkia wa Kilatini ambao haujapata kuwa nao, na Mwalimu alikohoa kwenye kofia. Padri aliendelea kumuuliza, maswali madogo ya nyumbani, na Kaka alijibu mengine vizuri na mengine vibaya. Machozi yalimtoka akiwa anajibu. Hakuyafuta. Nadhani hakujua kama yapo.

Kisha Padri alimgeukia Mama. "Mama, wewe ni Mwislamu."

"Ndiyo, Padri."

"Na unataka mwanao awe padri?"

Mwalimu alifungua mdomo. Padri alimnyamazisha kwa kidole.

"Padri, nikuambie uongo?"

"Leo umeshasema kweli nyingi. Malizia."

"Sijamleta awe padri. Nimemleta mahali penye ukuta."

Nilitazama mkono wa Padri juu ya meza, nikangoja uinuke kutuonyesha lango. Alimuuliza Kaka, safari hii kwa Kiswahili, "Na wewe?"

"Nataka kubaki," Kaka alisema.

"Kubaki si wito, kijana."

"Faza," Mwalimu alisema kutoka nyuma ya kofia yake, "na mimi nilipelekwa kwa sababu nyumbani kulikuwa na njaa. Nilibakia mpaka mwaka ya mwisho kabisa."

"Na hukupadirishwa."

"Sikupadirishwa. Lakini njaa nayo haikuniua."

Padri alimtazama kama mtu aliyekula naye chungu kimoja zamani. Akasugua macho.

"Hadi Krismasi," alisema. "Nitamwangalia hadi Krismasi. Asipowafuata wenzake, ataondoka, na usije tena hapa kunitajia majina ya kambi. Jumatatu, godoro, ndoo, sabuni, blanketi moja. Shati jeupe. Suruali inayomfika chini."

Mama alisema ahsante. Alishuka ngazi, akavaa kandambili, miguu ikabadilishana, akatembea hadi langoni hivyo hivyo kabla hajagundua.

Njiani kurudi tulipita sokoni. Ndipo Mama alipomuuliza Kaka kama ana njaa, naye akasema hajui, halafu akasema ndiyo. Alimnunulia muhogo wa kuchoma. Alimtazama akila kama mtu anayejaribu kukumbuka njia.

Godoro nyumbani lilikuwa moja kwa sisi watoto, na Jumatatu lilikwenda naye, limekunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani. Tulimsindikiza hadi penye lango la seminari. Mzee wa lango alisema wazazi wanaishia pale. Kaka alilibeba godoro kichwani, likamfunika uso, kwa hiyo hatukuona kama aligeuka.

Alifaulu Krismasi ile, na iliyofuata. Hakuwa padri, alitoka kidato cha nne na leo ana duka la vipuri, na watoto wanaojibu kila swali, hata wasiloulizwa. Nikipita Kampala nalala kwake. Ananiuliza nitatulia lini. Mimi ndiye niliyekwenda, na nimekuwa nikienda tangu siku ile.

Tuliondoka wiki hiyohiyo kwa lori la polisi, pamoja na familia nyingine mbili. Baba alikaa mbele na dereva. Kabla hajapanda alizunguka nyuma, akashika ubao wa lori, akamuuliza Mama, bila kumtaja mtu, "Alilia?"

"Pale langoni hapana."

"Na wewe?"

"Panda gari, baba watoto. Wanakungoja."

Alipanda. Mama alikagua mizigo, sufuria, jiko, magunia ya unga, mkeka ambao sasa ndio ungekuwa kitanda changu. Nilikuwa nimekaa pembeni ili nione mji ukiachwa nyuma. Alinishika kiwiko akanivuta hadi katikati, akapanga magunia kunizunguka pande zote, akakaa juu ya lile lililoelekea barabara.